Walijenga Chamazi kwa Miaka Saba, Soketi Nusura Zivunje Ndoa

Wengi wanajua ndoa za mjini huvunjwa na michepuko, simu zenye neno la siri na mawifi wasiotulia. Ya hawa wawili wa Chamazi nusura ivunjwe na soketi. Ndiyo, soketi za ukutani, zile za kuchomekea chaji. Na katika ugomvi wote ule hakuna aliyekuwa mlevi wala mchoyo. Mume alikuwa na hoja yake, mke ana yake, ila hoja moja ilikuwa na uwezo wa kuunguza nyumba.

CHUMBA KIMOJA, SOKETI MOJA

Mume ana kibanda cha vifaa vya simu Kariakoo, mke anasuka nywele. Walipooana walianzia maisha Tandika, Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati, choo nyuma, mita ya LUKU moja kwa wote. Aliyewahi kupanga nyumba ya namna hiyo anazijua sheria zake hata kama hazijaandikwa popote. Kila kaya inachangia umeme. Mwenye friji anaongeza. Pasi mwisho saa mbili usiku. Jiko la umeme marufuku, ukikutwa nalo unatangazwa korido nzima. Na kila chumba kina taa moja na soketi moja, basi.

Soketi hiyo moja ndiyo ilibeba maisha yao yote: feni, runinga, king'amuzi, sabufa, chaji tatu na pasi. Dawa yake kila mtu anaijua, ni ekstensheni. Ikijaa, inachomekwa ekstensheni nyingine juu ya ile ya kwanza. Waya unapitishwa chini ya zulia ili watu wasijikwae, unazunguka nyuma ya kabati, unatokea upande wa pili kama nyoka.

Usiku wa kuamkia Idi, mwaka 2018, nyumba nzima ilikuwa macho. Huku wanapiga pasi kanzu, kule wanakuna nazi. Mama jirani soketi yake ilikuwa inatoa cheche, akaomba achemshie maji chumbani kwao kwa jagi la umeme. Ni jirani, utamwambia nini? Pasi ikawa inafanya kazi, jagi nalo likawashwa, vyote kwenye ekstensheni moja.

Haikuchukua muda, ikaja harufu kama ya plastiki iliyoangukia kwenye mkaa. Kila mtu akadhani ni ya jikoni. Mke ndiye aliyeona moshi ukitoka chini ya zulia, karibu na godoro alipolala mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Alimnyakua mtoto akatoka naye mbio bila hata kanga kichwani. Mume akakimbilia kuzima mita, vijana wakaleta mchanga ndoo mbili. Moto ukafa. Hakuna aliyeumia. Kona ya godoro iliungua, zulia likaungua, na waya ulikuwa umeyeyuka ukagandamana na sakafu.

Asubuhi ya Idi, wenzake wakienda kuswali, mke alikaa chini akaifungua plagi ya ekstensheni kwa kisu. Plagi zetu hizi za miguu mitatu ya bapa huwa zina fyuzi ndogo ndani, kama kidonge kirefu. Ile haikuwa na fyuzi ya kweli. Fyuzi iliyoungua zamani ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Akauliza nani kafanya vile. Kila mtu akakana. Mume naye akatikisa kichwa.

BOMA LA CHAMAZI

Kiwanja cha Chamazi walikuwa wamekinunua tangu 2016. Baada ya usiku ule kasi ya kujenga iliongezeka. Walijenga kama wanavyojenga wengi wa Dar: mchezo ukitoka, tofali mia tatu, mauzo yakiwa mazuri, mifuko kumi ya saruji. Boma lilisimama 2019, wakapaua 2021. Katikati hapo watu walishachonga sana. Wapo waliokuwa wanapita na kuuliza kwa sauti kama lile ni banda la kuku au vipi. Mume aliyasikia yote na aliyaweka moyoni.

Ndiyo maana 2023, ilipofika zamu ya wayaringi, yeye akili yake ilikuwa mbele zaidi. Alishaona sebule yake yenye jipsamu ya ngazi mbili, taa za rangi zimejificha pembeni, vigae vinang'aa, na wale waliomcheka wamekaa kwenye makochi wanakunywa soda. Umeme kwake ulikuwa ni jambo la kumaliza haraka ili afike kwenye jipsamu.

Akamtafuta fundi kijana, rafiki wa kijiweni. Fundi akazunguka boma dakika kumi, akatoa hesabu kwa pointi, kama kawaida ya mafundi. Vyumba vitatu, soketi moja moja. Sebuleni mbili. Jikoni moja. Jumla sita.

"Kaka, hapa tunamaliza chap chap. Fomu ya TANESCO usiwaze, kuna jamaa wa muhuri nampa chochote anagonga."

Mume akatoa kishika uchumba hapo hapo. Jioni akamwambia mke kwa furaha. Mke akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu:

"Baba, jikoni soketi moja, friji na jagi vitakaa wapi?"

"Si tutaweka ekstensheni."

Neno hilo lilikuwa kosa.

CHAKI

Kesho yake mke alipanda gari za Chamazi peke yake, mkononi ana kipande cha chaki. Ndani ya boma hakukuwa na kitu, tofali tupu na mchanga. Akaanza kuishi humo kwa kuigiza. Akasimama chumbani, akachora sakafuni kitanda kitakapokaa, halafu akalala chini kabisa pale pale kwenye vumbi. Akanyoosha mkono wa kulia: hapa chaji yangu. Wa kushoto: hapa ya mwenzangu. Akaweka alama ukutani. Akasimama usawa wa kioo: hapa feni na draya. Akaenda jikoni, akajifanya anapika, anachemsha maji, anasaga nyanya. Kila mkono ulipoenda kutafuta umeme, akachora msalaba.

Alipomaliza akahesabu. Chumba chao 4. Vyumba vya watoto 3 kila kimoja. Sebule 5. Jikoni 6. Korido 1 na baraza 1. Jumla 23.

Mume alipoziona alama zile jioni alikaa juu ya tofali.

"Mama, unafungua kiwanda?"

Kuanzia hapo nyumba ya Tandika haikukalika. Soketi 23 maana yake waya zaidi, mabomba zaidi, maboksi zaidi, pointi za kumlipa fundi zaidi. Jipsamu inakufa, vigae vinasubiri. Mume akasema mke anamdharau, anataka kumfundisha kazi ya kiume. Mke akasema kama ni soketi sita yeye hahamii, atabaki kupanga. Wiki mbili mzima wanaongea kwa kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chakula kipo."

MZEE WA CHANG'OMBE

Chamazi, nyumba ya nne kutoka kwenye boma lao, anakaa mzee mmoja aliyesomea umeme VETA Chang'ombe na kufanya kazi hiyo hadi nywele zimekuwa nyeupe. Leseni yake ya EWURA kaitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Mke alimwendea akamwamkia, akamweleza habari yote tangu moto wa Idi.

Mzee hakumwambia kama ana haki au hana. Alimwambia alete majina ya vitu vyote anavyotarajia kutumia, kila kimoja na wati zake, zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa. Jumapili akamtaka aje na mumewe. Mume alikwenda kwa shingo upande, kwa kuwa tu aliyeita ni mtu mzima.

Mzee akachukua daftari la shule, akaanza kuwaelekeza kama wanafunzi. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Chukua wati za kifaa, gawanya kwa 230, unapata ampea, yaani mkondo unaopita kwenye waya. Jagi la wati 2,000 linavuta karibu ampea 8.7. Pasi ya wati 1,200 inavuta kama 5.2. Jumlisha: karibu ampea 14.

"Sasa mwanangu," akamwambia mume, "ekstensheni nyingi za bei chee waya wake ndani ni milimita za mraba 0.75. Huo salama yake ni ampea 6 hivi. Usiku ule wa Idi nyie mlipitisha 14."

Kisha akawaambia kitu ambacho wengi hatukijui. Mkondo ukizidi mara mbili, joto la waya haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Kwa ekstensheni yao, joto lilikuwa zaidi ya mara tano ya lile waya ulilotengenezewa kuhimili. Tena waya wenyewe umefunikwa zulia, hewa haipiti. Pale umeme haukuwa na ukorofi wowote, hesabu ndiyo iliyokataa.

Akaendelea. Kila saizi ya waya ina mlinzi wake. Waya wa 1.5 ni wa taa, mlinzi wake breka ya ampea 10 au chini ya hapo. Waya wa 2.5 ni wa soketi, breka yake 20. Jiko kubwa la umeme au hita ya kuogea inataka waya wake peke yake, wa 6, na breka ya 32, bila kuchangia na kitu kingine. Breka ikiruka, inakwambia waya umeelemewa. Sasa vijana wa siku hizi breka ya 20 ikirukaruka wanaitoa, wanaweka ya 40, mteja anafurahi kwamba tatizo limekwisha. Hapo waya ndio umegeuzwa kuwa fyuzi, na uko ndani ya ukuta, juu ya dari, karibu na mbao za paa.

KARATASI YA SIGARA

Mzee akaingia ndani akatoka na plagi ya kizamani. Akaifungua, akaonyesha fyuzi yake. Akasema katika maisha yake ya kazi amekuta kila kitu mahali pa fyuzi: msumari, kipande cha waya, kijiti cha pini, karatasi ya sigara.

"Anayeweka hivi huwa si mtu mbaya. Huwa ni baba ambaye mpira umeanza na fyuzi imeungua na duka limefungwa."

Kimya.

Mume alikuwa anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, "Ni mimi."

Mke akageuka kumwangalia. Ilikuwa ni fainali, akasema, sabufa ikazima, akaweka ile karatasi kwa muda tu, kesho yake angenunua fyuzi ya bei ya peremende. Akasahau. Na miaka mitano, kila mara mke alipoizungumzia ile plagi, yeye alinyamaza. Ndiyo maana hakutaka kusikia habari za soketi. Kila alama ya chaki pale ukutani aliiona kama inamwambia jambo.

Mke hakusema neno. Aliondoka akaenda kusimama nje ya ua la mzee kwa muda mrefu. Wanaowafahamu wanasema siku hiyo ndiyo ndoa ilikuwa karibu na ukingo kuliko siku zile za kununiana, kwa sababu ya mtoto. Aliporudi alikaa, akafuta macho kwa kanga, akamwambia mzee, "Tuendelee na hesabu, baba."

BOMBA LEO, SOKETI KESHO

Hela ya soketi 23 haikuwepo, huo ndiyo ukweli, na kusameheana hakuleti hela. Mzee ndiye aliyetoa njia. Akasema kinachoumiza watu wengi ni kuvunja ukuta baadaye, wakati lipu na rangi vimeshakamilika. Soketi yenyewe si kitu. Kwa hiyo pitisheni mabomba na wekeni maboksi sehemu zote 23 sasa hivi, ukuta ukiwa bado tofali. Waya na soketi vuteni kwenye 15. Zile 8 zilizobaki ziba na vifuniko. Siku mkipata, fundi anavuta waya tu ndani ya bomba, hakuna nyundo.

Jipsamu ikaahirishwa. Mume ndiye aliyeitaja mwenyewe.

Yule kijana wa kijiweni hakufukuzwa. Mzee alimwita akamwambia atafanya kazi chini yake, ajifunze, na fomu ya TANESCO itajazwa na mwenye leseni aliyeiona kazi kwa macho. Kijana akalalamika kwamba wa muhuri alishampa nusu. Mzee akamjibu, "Muhuri hauzimi moto."

Kazi ikagawanywa hivi. Taa njia mbili, mbele na nyuma, ili moja ikileta shida nyumba isiwe giza lote. Soketi za vyumbani njia yake. Za sebule, korido na baraza njia yake. Za jikoni peke yake, kwa sababu jikoni ndiko kwenye vitu vinavyokula: jagi wati 2,000, mikrowevu 1,200, jiko la presha la umeme 1,000, jumla 4,200, sawa na ampea 18 na kidogo. Breka ya 20 inatosha, ila haina nafasi ya mgeni mwingine. Jiko kubwa, njia yake na waya wa 6. Hita ya bafuni, hivyo hivyo. Hizo ni njia saba. Boksi la breka likanunuliwa la njia kumi, tatu zikabaki wazi kwa ajili ya pampu ya kisima, kiyoyozi na lolote ambalo Mungu ataleta.

Soketi za jikoni zikawekwa juu ya meza ya kupikia, mbali na sinki. Bafuni haikuwekwa soketi hata moja, na swichi ya hita ikakaa nje ya mlango. Za vyumbani zikakaa kama sentimita 45 kutoka sakafuni. Mzee akasema wanaokaa mabondeni, kama wale wa kando ya mto Msimbazi wanaoamka maji yamefika dirishani, wapandishe soketi zao usawa wa kiuno au zaidi.

Waya walikwenda kununua Kariakoo wote watatu. Mume alidhani anaijua Kariakoo, mzee akamwonyesha nyingine. Tafuta alama ya TBS na saizi iliyochapwa kwenye ganda lenyewe. Kisha kwangua ncha kwa wembe. Ikibaki nyekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu, rudisha. Duka la kwanza walirudisha.

Mabomba yakapandishwa wima kutoka kila soketi, hakuna kukata kona kwa mshazari, ili anayepigilia msumari wa picha miaka kumi ijayo ajue pa kukwepa. Maungio yote ndani ya maboksi, hakuna kiungo ndani ya bomba. Na kabla ya lipu, mume alipita chumba kwa chumba na simu anapiga picha kila ukuta, futi ikiwa imewekwa pembeni. Picha hizo anazo hadi leo. Ni wazo lake, na mzee alikiri miaka yake yote hakuwahi kulifikiria.

Ikaja fimbo ya shaba, waya wa ardhini. Udongo wa Chamazi ni mchanga, na mchanga mkavu haupokei umeme vizuri. Kijana akasema tumwage chumvi na mkaa kama kawaida. Mzee akasema chumvi inasaidia kwa muda, lakini ndiyo hiyo hiyo inayokula chuma. Wakapigilia fimbo mbili zilizounganishwa, upande wa bafuni ambako ardhi haikauki, mzee akapima na mita yake hadi akaridhika.

Kitu cha mwisho ndicho mume aliona ni ghali bila sababu: kifaa kipana kidogo kuliko breka, kina kitufe cha T, kimeandikwa RCCB, 30mA. Mzee akamweleza. Breka ya kawaida inalinda waya, haikulindi wewe. Inasubiri ampea 20, na mtu anaweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Hiki kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa ampea 0.03 tu, maana yake kuna mahali unavuja, labda ndani ya mwili wa mtu. Kinakata papo hapo, kabla hujamaliza kupiga kelele.

MAMA MKWE NA MAJI YA MOTO

Walihamia mwishoni mwa 2023, wakati mgao wa umeme umepamba moto, wakacheka kwamba wamesuka umeme usiokuwepo. Lakini 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ikaanza kuzalisha, mradi uliopangwa kufikia megawati 2,115, na mwaka huo huo serikali ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Majiko ya presha ya umeme yakaanza kuonekana uswahilini. Mke akanunua lake, akachomeka kwenye soketi yake, likapika maharage bila mtu kuzima friji. Kule Tandika wenzake nao wakanunua, wakachomeka kwenye soketi ile moja. Umeme wa kwenye nguzo umeongezeka, ila waya ulio ndani ya kuta zile ni ule ule wa tangu enzi za taa moja na redio.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Njombe. Watu wa baridi hawaogi maji ya bomba hata Dar iwe inachemka. Mume akafunga hita ya kuogea kwa ajili ya mama yake, aliipata kwa bei nzuri. Siku tatu za kwanza safi. Siku ya nne, mama kaingia bafuni, hita ikawashwa, paa, nyumba nzima kimya. Wakarudisha. Ikakata tena. Na tena.

Mama mkwe akasema mkwewe kaweka madude mengi yanayosumbua. Mume, kwa aibu mbele ya mama yake, akampigia simu fundi wa jirani, si mzee wala yule kijana. Akaja na bisibisi. Akatazama, akacheka. "Kaka, kidude hiki ndicho kinachokuchezea. Nakitoa, naunga moja kwa moja, mama anaoga."

Mke alikuwa jikoni. Alitoka akasimama mbele ya boksi la breka, mgongo ukutani, mikono ina unga.

"Hakitoki."

Mume akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akamtazama fundi. Sebule ile haikuwa na jipsamu, juu kulikuwa na mbao tupu. Kisha akamwambia fundi ahsante, akampa nauli, akaenda kumwita mzee.

Mzee alipima hita. Kile chuma cha ndani kinachochemsha maji kilikuwa kimepasuka ufa mdogo, umeme unagusana na maji yenyewe. Yale yanayomwagikia kichwani mtu aliyesimama peku kwenye sakafu ya simenti.

Mzee hakuongeza neno. Aliikata hita, akaibeba, akaiweka nje kwenye baraza. Mama mkwe aliiangalia muda mrefu. Jioni hiyo aliomba apashiwe maji kwenye sufuria, na alipomaliza kuoga alimwita mkwewe chumbani, wakaongea wawili hadi usiku.

Sasa hivi kuna utaratibu pale nyumbani. Kila mwanzo wa mwezi mume akinunua LUKU, LUKU ikishakatwa na kodi yake ya jengo, akishaingiza tokeni anakwenda kwenye boksi na kubonyeza kile kitufe cha T. Nyumba inazima. Watoto wanapiga kelele, "Baba!" Anarudisha. Kama siku moja akibonyeza na nyumba isizime, atajua mlinzi amekufa na anatakiwa kubadilishwa. Mkewe hamkumbushi.

Vile vifuniko vinane vimebaki vitatu. Cha kwanza kilifunguliwa kwa ajili ya feni ya watoto. Cha pili ni cha barazani, pale mke alipoweka viti viwili na draya, wateja wanamfuata kutoka Mbagala. Jipsamu bado. Wale waliocheka banda la kuku wanakuja, wanakunywa soda zao chini ya mbao tupu, na mume akishawakaribisha huwa anatoa simu, anawaonyesha picha za kuta zake kabla ya lipu.

Mdau, hapo ulipokaa unasoma hii, hebu fuata kwa macho waya wa chaji yako hadi unakoishia. Umechomekwa ukutani, au juu ya ekstensheni iliyo juu ya ekstensheni? Na plagi yake ndani ina fyuzi, au ina karatasi? Ukikuta moto umeshaanza, zima umeme kwanza, usimwagie maji, toa watu nje, piga 114 uwapate Zimamoto. Ila kama bado uko kwenye boma, nunua chaki. Halafu tuambie hapo chini, kwenu mna soketi ngapi, na nani alizipanga?